Anubias na javafeni zinatoboka, chuma nimeongeza na bado hali ni mbaya. Wa tangi nisaidieni

Mwana_Walukuba (Jinja)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu karibu mwaka mzima, leo yamenifika shingoni. Tangi langu la samaki na mimea ya majini ni la lita 100, lipo sebuleni, lina mwaka na nusu sasa. Ndani nina anubias nane nimezifunga kwa uzi juu ya yale mawe meusi ya Kisoro yenye vitundu, javafeni mbili kwenye kipande cha mti wa mpera, na kripto chache mbele kwenye mchanga (kripto mimea jamani, si zile pesa za mtandaoni). Samaki ni gapi saba tu. Gesi ya kulisha mimea (kaboni dayoksaidi) siweki.

Tatizo lenyewe: jani la anubias linaanza na nukta ndogo ya njano, kama mtu kachoma kwa ncha ya sindano. Wiki mbili tatu baadaye nukta inageuka kahawia, katikati panatoboka, pembeni panabaki duara la njano. Likikaa zaidi ncha inakuwa nyeusi kama karatasi iliyoungulia jikoni. Javafeni nazo ni hivyohivyo, tena zina madoa ya rangi ya kahawa yamejipanga chini ya jani.

Nikasoma mahali kwamba njano ni upungufu wa chuma. Nikanunua kichupa, nikaweka kipimo cha kwenye lebo. Mwezi ukapita, hamna kitu. Nikaweka mara mbili. Sasa matobo yameongezeka na kioo kimeota mwani.

Jumapili kwa hasira nikakata majani yote mabaya. Anubias moja imebaki na jani moja. Mke wangu ananiuliza kama nimefungua kinyozi humo ndani.

Nifanyeje?

Boda_Bugembe

Konokono hao. Toa konokono, lala usingizi.

Mama_Gapi (Entebbe)

Konokono wanasingiziwa bambi. Yule mwekundu bapa wa kwenye matangi yetu hana meno ya kutoboa jani la anubias lililo hai, jani lile ni gumu kama ngozi ya kiatu. Yeye anafika pale panapokwisha kuoza, anasafisha kingo. Ukimkuta kwenye tobo ukasema ndiye kalitoboa, ni kumkuta mwosha maiti msibani ukamwita muuaji.

Mwana_Walukuba, hayo madoa ya javafeni yaliyojipanga, hebu pitisha kidole. Kama yamevimba kidogo na yako kwa mistari chini ya jani, hayo si ugonjwa. Javafeni ni jamii ya kangaga, na kangaga haina maua, inazaa kwa spora. Geuza majani ya kangaga porini, mara nyingi utayaona. Majani makuukuu pia huota vitoto vyenye vijizizi vyeusi kwenye ncha. Natumaini hukuvikata navyo.

Mwana_Walukuba

Nnyabo... nimevikata.

Mzee_wa_Maji (Ntinda)

Marahaba kijana. Kabla watu hawajakujazia dawa, nijibu haya:

Maji unayotumia yanatoka wapi? Taa inawaka saa ngapi kwa siku, na dirisha liko upande gani? Nitrati (naitrojeni iliyoyeyuka majini, chakula cha mimea) ukipima inasoma ngapi? Na la muhimu kuliko yote: matobo yanaanzia majani ya zamani ya chini, au yale mapya yanayochomoza pale mbele ya shina? Majani mapya yana rangi gani?

Usiniambie "majani yote". Chuchumaa mbele ya tangi uangalie.

Mwana_Walukuba

Nimechuchumaa mzee.

Maji ni ya mvua. Tuna tangi la plastiki nje linalokinga bati, nikaona ni masafi hayana klorini. Kila Jumamosi nabadilisha ndoo mbili. Taa naiwasha nikienda kazini na kuizima usiku, jumla kama masaa 11 kwa siku. Dirisha linatazama magharibi, jua la jioni linagusa kioo. Nitrati nimepima kwa kile kipimo cha matone, imebaki njano kabisa, yaani sifuri.

Majani mapya ni madogo lakini ni ya kijani, hayana tobo. Yenye matobo ni ya zamani.

KK_Mbale

Nitrati sifuri? Huna haja ya kuzungushwa. Nunua mbolea ya NPK 17 ya mahindi, kijiko kimoja, wiki mbili utanishukuru. Mimi kahawa yangu naipa hiyohiyo.

Nkejje_Daima (Masaka)

USIWEKE. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeshazika samaki kwa ushauri huo.

Mwaka juzi nilienda duka moja la pembejeo, nikaomba nitrati ya potasiamu. Muuzaji akanipimia punje nyeupe kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), haina lebo, akasema "ni hiyo hiyo ssebo". Nikaamini. Nilikuwa na nkejje (samaki wadogo wa ziwani) kumi na mmoja niliowapata kwa mvuvi, madume mawili yana rangi ya moto. Jioni nikaweka kijiko. Usiku waliendelea kuzunguka vizuri tu. Kesho yake jioni wote walikuwa juu wanahema mdomo nje, mashavu mekundu. Kufikia asubuhi ya tatu nilikuwa na wawili. Ilikuwa yurea. Majini yurea inavunjwavunjwa na kuwa amonia, na maji yakiwa na pH (kipimo cha uchachu) ya juu na joto letu hili, amonia inauma zaidi. NPK za mahindi nazo naitrojeni yake kwa kawaida ni ya amonia au yurea. Kahawa ya KK haina mashavu ya kupumulia, ndiyo maana haikulalamika.

Ukinunua, nunua mfuko uliofungwa kiwandani, umeandikwa 13-0-46. Hiyo ndiyo nitrati ya potasiamu yenyewe. Wakulima wa nyanya za bandani na wa maua ya waridi wanaitumia, kwa hiyo ipo. Jaribu maduka ya Container Village ukifika Kampala.

KK_Mbale

Basi yaishe, sikujua. Poleni na nkejje.

Mzee_wa_Maji

KK, kukosea ni kwetu sote. Mwana_Walukuba, chukua chai ukae.

Kijana, ugonjwa umeusema mwenyewe: majani ya zamani yanaumwa, mapya ni ya kijani. Hapo chuma kimeshajitoa kwenye kesi.

Kuna virutubisho ambavyo mmea ukivikosa majini unaweza kuvichota kwenye jani la zamani ukavipeleka kwenye jani changa. Potasiamu ni hivyo, naitrojeni, fosforasi na magnesiamu vilevile. Jani kuukuu linanyonywa ili mdogo wake avae. Vingine, kama chuma na kalsiamu, vikishakaa kwenye jani havitoki tena, kwa hiyo vikikosekana anayeteseka ni jani jipya. La kukosa chuma linatoka limepauka, limebaki na mishipa ya kijani tu. La kukosa kalsiamu linatoka limejikunja, ncha imekufa.

Sasa kwa majani ya zamani, tazama namna ya umanjano. Jani zima likififia sawasawa kuanzia nchani, shuku naitrojeni. Katikati ya mishipa pakiwa njano na mishipa yenyewe ikabaki kijani, shuku magnesiamu. Nukta za sindano zinazotoboka na kingo zinazoungua, hiyo mara nyingi ni potasiamu, na anubias na javafeni huionyesha waziwazi. Ya kwako ni potasiamu, na nitrati yako ya sifuri inanieleza kwamba naitrojeni nayo inaishia njiani.

Na kwa nini isikosekane? Gapi saba kwenye lita 100 wananya nini cha kutosha? Maji ya mvua nayo karibu hayana kitu ndani: kalsiamu hamna, magnesiamu hamna, potasiamu hamna. Kila Jumamosi ulikuwa unatoa ndoo mbili za supu na kurudisha ndoo mbili za maji matupu. Halafu juu yake ukaongeza chuma. Ni kama fundi aliyekwama kwa kukosa simenti, wewe ukazidi kumletea matofali. Mwanakemia Mjerumani, Liebig, alilieneza wazo hili kwenye kilimo tangu karne ya 19: mazao hupimwa na kile kilichopungua zaidi, si kile kilichojaa.

Lile la kunyoa limeniuma kidogo. Jani lenye matobo bado ni ghala. Mmea ulikuwa unahamisha potasiamu kutoka humo, wewe ukatupa ghala na kilichobaki ndani. Siku nyingine kata jani lililokufa zaidi ya nusu tu, na usikate zaidi ya mawili kwa mmea mmoja.

Rwenzori_Aqua (Kasese)

Mzee naheshimu, ila hapa naona taa inasahauliwa. Masaa 11 na jua la magharibi juu yake? Anubias asili yake ni vijito vya misitu ya Afrika Magharibi na Kati, Cameroon, Gabon huko, inakaa chini ya kivuli. Ukiipiga mwanga wa kiwanja cha mpira utaitia njaa hata kama chakula kipo. Mimi sijawahi kuweka mbolea hata chembe, taa yangu masaa 6 kwa siku, anubias zangu zina miaka minne hazina tobo.

Mama_Gapi

Rwenzori_Aqua na wewe sema yote. Maji yako ni ya wapi na samaki wangapi?

Rwenzori_Aqua

Maji ya kisima. Birika letu linafunga chokaa nyeupe kila mwezi. Samaki... kama arobaini hivi.

Mama_Gapi

Haya. Arobaini wanakuwekea mbolea bure kila asubuhi, na kisima kinakuwekea madini. Huko kwenu chokaa iko mpaka kikajengwa kiwanda cha simenti Hima. Usimpimie mwenzako wa maji ya mvua kwa kikombe chako.

Mzee_wa_Maji

Mama_Gapi punguza makali, Rwenzori_Aqua ana hoja na mimi ndiye niliyeipita. Mwanga ndio unaoweka mwendo. Ukiongeza mwanga mmea unataka kila kitu zaidi, na ukikosa unaumia upesi. Ukipunguza mwanga, kile kidogo kilichopo kinatosha kwa muda mrefu. Na hii mimea ya mwendo wa kinyonga jani lake linakaa mwaka na zaidi, kwa hiyo mwani unapata kiwanja cha kuota. Mwana_Walukuba, ukiona vidoa vya kijani vigumu visivyofutika kwa kidole juu ya anubias, huko ni mwanga mrefu, na mara nyingi fosfeti ndogo.

Kwa hiyo anza na taa: masaa 7 kwa siku, ununue ile saa ya kuzimia taa, usitegemee kumbukumbu. Dirishani weka pazia. Hilo halina gharama kubwa na linafanya kazi leo.

Halafu maji: nusu ya mvua, nusu ya bomba. Maji yenu ya bomba Jinja yanatoka Ziwa Victoria, ni laini, usiogope, ila yana madini zaidi kidogo kuliko hayo ya bati. Weka dawa ya kuondoa klorini kwanza. Magnesiamu tafuta chumvi ya Epsom duka la dawa, isiyo na manukato. Gramu 4 kwenye lita 80 inatoa karibu miligramu 5 za magnesiamu kwa lita. Weka mara moja, kisha kwa kila ndoo unayobadilisha rudisha sehemu yake tu.

Nkejje_Daima

Mimi naongeza hesabu ya potasiamu, mzee akinikosoa sawa.

Tangi la lita 100 ukitoa mawe na mchanga na ile nafasi ya juu, maji halisi ni kama lita 80. Pima gramu 20 za 13-0-46 kwa ile mizani ndogo ya vito (usitumie kijiko, nimeshasema kijiko kilinifanyia nini), yeyusha kwenye nusu lita ya maji. Mililita 10 za maji hayo zina gramu 0.4 za mbolea. Kwenye lita 80 zinaongeza takriban miligramu 3 za nitrati na karibu 2 za potasiamu kwa lita. Weka kwa sirinji mara mbili kwa wiki. Pima nitrati kila Ijumaa kabla ya kubadilisha maji. Ikikaa kati ya 5 na 15, umefika. Ikipanda kupita 20, punguza.

Chupa iandike wazi, iweke mbali na watoto na mbali na moto. Ile mbolea inachochea moto, usiiweke karibu na sigiri.

Boda_Bugembe

Na konokono?

Mama_Gapi

Waache wafanye kazi.

Mwana_Walukuba

Webale nnyo nyote. Mbolea nimeletewa na jamaa wa basi kutoka Kampala, mfuko umefungwa, umeandikwa 13-0-46. Nimeanza leo. Chuma nimerudisha kipimo cha lebo mara moja kwa wiki.

Mwana_Walukuba (wiki ya 3)

Wazee, wiki tatu. Nitrati inasoma 5 hadi 10, gapi wazima, mwani wa kioo umepungua. Lakini matobo yako palepale, na jani moja la zamani limeongeza tobo jipya. Naogopa. Niongeze dozi?

Mzee_wa_Maji

Usiongeze. Kijana, tobo halishonwi. Jani lililotoboka litakufa na tobo lake hata ukililisha asali. Na jani lililoanza kunyonywa kabla hujaanza dawa linaweza kuendelea kuharibika wiki kadhaa, deni la zamani hilo.

Fanya hivi: chukua uzi mwekundu wa kushonea, funga bila kukaza kwenye kikonyo cha jani jipya zaidi kwa kila anubias. Kuanzia leo majani ya nyuma ya uzi hayakuhusu. Tazama yanayotoka mbele ya uzi tu. Mmea kama huu unaweza kuchukua wiki tatu nne kutoa jani moja, na jani hilo linahitaji muda wa kuzeeka ndipo ujue kama litatoboka. Mtu wa kabomba (mmea wa majini unaokua haraka) au wa sukuma wiki angeshakuambia jibu. Hapa tunasubiri.

Rwenzori_Aqua

Kama subira ni ngumu, weka mimea inayoelea michache juu, ile ya majani kama kabichi ndogo. Inakua haraka, inaonyesha njaa ndani ya siku kumi, na inatia kivuli. Ila inayozidi ikaushe juani na uitupe shambani, msiipeleke ziwani wala mtaroni. Tumeteseka vya kutosha na magugu maji.

Mama_Gapi

Leo tumekubaliana, andikeni tarehe.

Mwana_Walukuba, kagua na shina lile linalolala kama tangawizi. Libonyeze taratibu. Likiwa gumu, mmea una uhai hata kama hauna jani. Likiwa laini, kahawia, na linanuka, kata sehemu yote iliyooza mpaka uone nyeupe au kijani safi, kabla halijaambukiza linalofuata. Na hakikisha hukulifukia mchangani wala kwenye kitundu cha jiwe, shina hilo linataka kukaa wazi, mizizi tu ndiyo ishike.

Mwana_Walukuba

Moja lilikuwa laini nyuma. Nimekata kama sentimita mbili, lilinuka kama yai viza. Mengine saba magumu.

Mwana_Walukuba (wiki ya 11)

Naleta ripoti.

Ile iliyokuwa na jani moja sasa ina matatu. Mbele ya nyuzi nyekundu nina majani kumi na manne kwa jumla, mapana kuliko ya mwanzo, nimeyamulika moja moja na tochi ya simu usiku: nukta ya njano nimeipata kwenye jani moja tu, na hilo lilikuwa limegusa jiwe. Javafeni zimetoa watoto tena, safari hii nimewaacha. Kripto mbili ziliyeyuka majani yote nilipobadilisha maji, nikakumbuka mlishaandika kwenye mjadala mwingine humu kwamba hiyo ni tabia yao, nikaacha mizizi, zimerudi.

Jani moja la zamani lenye matobo sita nimelibakiza makusudi. Mtoto wangu analiita ungo.

Nkejje_Daima

Safi sana ndugu. Usiache kupima Ijumaa.

KK_Mbale

Nami nimefungua tangi dogo, lita 40. Swali: hayo mawe ya Kisoro mnayapata wapi? Hapa nina mawe ya upande wa Tororo, meupe mazuri.

Mzee_wa_Maji

KK, kabla ya kuyatia, dondoshea siki. Yakitoa povu ni chokaa, yatakupandishia ugumu wa maji na pH. Upande wa Tororo sishangai, ndiko simenti inakotoka.

KK_Mbale

Yametoa povu kama soda. Basi yanaenda kwenye bustani ya mama.